Kani ya Kupigilia na Uthabiti wa Kiungio cha Pia katika Nyonga Bandia

1.0 Utangulizi

Mkulima anapogundua kwamba jembe lake linacheza katika mpini, hahitaji kumwita mtaalamu. Huligonga mara mbili tatu juu ya jiwe, akalijaribu kwa mkono, kisha akaendelea na kazi. Kitendo hicho cha kila siku kina ndani yake kanuni ambayo leo inategemewa katika vyumba vya upasuaji duniani kote: kitu kinachopungua unene kuelekea nchani, kikipigiliwa katika tundu lenye umbo kama lake, hushikwa na msuguano bila ya skurubu, bila ya gundi na bila ya msumari. Ndivyo kichwa cha nyonga bandia kinavyofungwa juu ya shina lake ndani ya mwili wa mgonjwa. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa. Jembe likilegea, mwenyewe hulikaza papo hapo. Nyonga ikilegea, mwenyewe huenda asijue kwa miaka mingi, na akijua, hana budi kupasuliwa tena.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kani inayotumiwa na daktari mpasuaji wakati wa kupigilia kichwa hicho inavyoathiri uthabiti wa kiungio katika miaka inayofuata. Tutaanza kwa kueleza sababu ya nyonga bandia kugawanywa vipande. Kisha tutachunguza kanuni inayokifanya kiungio kishike, mambo yanayoipunguza kani ya daktari kabla haijafika mahali pake, na madhara yanayotokea kani hiyo inapokuwa haba. Mwishoni tutagusia istilahi, kwani katika jambo hili uteuzi wa neno unaweza kumfikisha msomaji kwenye maana au kumpotosha.

2.0 Sababu ya kuigawa nyonga vipande

Nyonga ya asili ni tufe linalozunguka ndani ya kikombe. Tufe hilo ni kichwa cha fupa la paja, nacho kikombe kimo katika mfupa wa kiuno. Sehemu hizi zikiharibika kwa uzee, kwa ajali au kwa maradhi, huweza kuondolewa na kuwekwa za bandia. Upasuaji huu ulipata sura yake ya kisasa mnamo Novemba 1962, wakati daktari John Charnley wa Hospitali ya Wrightington, Lancashire, Uingereza, alipoanza kutumia kikombe cha polietilini ngumu pamoja na kichwa kidogo cha chuma kisichoshika kutu chenye kipenyo cha milimita 22.225. Katika nyonga ya Charnley, kichwa na shina linaloingia ndani ya fupa la paja vilikuwa kipande kimoja. Hapakuwa na kiungio baina yao, na kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kulegea hapo.

Mabadiliko yalikuja katika miaka ya 1970, vichwa vya kauri vilipoanza kutumika. Kauri haiwezi kufuliwa wala kuungwa kwa moto pamoja na metali. Ilibidi itafutwe njia ya kuvishika viwili hivyo pamoja, nayo ilipatikana katika karakana. Tangu miaka ya 1860 mafundi wa mashine walikuwa wakitumia kiungio kilichobuniwa na Mmarekani Stephen Morse kwa ajili ya kushikilia keekee za chuma katika mashine za kutobolea. Umbo lake ni la pia iliyokatwa ncha. Kipande kimoja huwa na ulimi unaopungua unene, na kingine huwa na tundu linalopungua upana kwa kadiri ileile.

Faida za mpangilio huu hazikuishia kwenye kauri. Daktari aliweza sasa kukaza shina ndani ya mfupa kwanza, kisha akachagua kichwa chenye ukubwa na urefu unaolingana na mguu wa mgonjwa aliye mbele yake. Hospitali haikulazimika kuweka ghalani idadi kubwa ya nyonga za kila namna. Aidha, kichwa kikichakaa, kiliweza kubadilishwa bila ya kung'oa shina. Faida hizi zilikuja na gharama yake: kila mgonjwa sasa alikuwa amebeba ndani yake kiungio ambacho uimara wake ulitegemea mkono wa mtu.

3.0 Kanuni inayokifanya kiungio kishike

Kiungio cha pia ni kabari iliyoviringwa. Kabari ikipigwa kwa mbele, huzisukuma kuta kwa ubavu, na kani ya ubavuni huwa kubwa kuliko ile ya pigo lenyewe kwa kadiri kabari inavyokuwa nyembamba. Kuta nazo huirudishia kabari kani hiyo, na msuguano unaozaliwa hapo huizuia isirudi nyuma.

Tutazame vipimo. Ulimi unaotumika sana katika nyonga za siku hizi hujulikana kwa namba 12/14, ambazo ni vipenyo vyake vya juu na vya chini kwa milimita. Pembe yake nzima ni takriban nyuzi 5.7, yaani kipenyo hubadilika kwa kiasi cha milimita moja katika kila milimita kumi za urefu. Nusu ya pembe hiyo ni nyuzi 2.8, na tanjenti yake ni kama 0.05. Kizigeu cha msuguano baina ya metali mbili kavu huwa kikubwa zaidi ya hapo, tukichukulia 0.15, ni mara tatu yake. Maadamu kizigeu cha msuguano kinaizidi tanjenti ya nusu pembe, kiungio hujishika chenyewe na hakitoki mpaka kivutwe.

Sasa swali muhimu: kivutwe kwa kani kiasi gani? Hesabu rahisi ya kabari yatoa jibu. Kwa vipimo tulivyovitaja, kichwa kilichosukumwa kwa kani ya nyutoni 4000 huzikandamiza kuta kwa jumla ya nyutoni 20,000 hivi, na kitahitaji karibu nyutoni 2000 ili kitoke. Kikisukumwa kwa nyutoni 2000, kitatoka kwa nyutoni 1000. Kwa maneno mengine, kani ya kung'olea ni takriban nusu ya kani ya kupigilia, na uhusiano wao ni wa mstari mnyoofu. Majaribio ya maabara yamethibitisha sura hii. Rehmer na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, walionyesha kwamba uwezo wa kiungio kustahimili kuvutwa na kuzungushwa huongezeka sambamba na kani ya kupigilia, wakapendekeza kani isiyopungua nyutoni 4000. Hiyo ni sawa na uzito wa magunia manne ya mahindi ya kilo mia kila moja, ingawa katika pigo la nyundo uzito huo hudumu kwa sehemu ndogo sana ya sekunde.

Hesabu hiyohiyo yatufundisha jambo la pili. Tuseme kwamba mafuta ya uboho yamepaka ulimi, na kizigeu cha msuguano kimeshuka kutoka 0.15 hadi 0.10. Kichwa kitaingia ndani zaidi kwa pigo lilelile, na daktari anaweza kudhani kwamba kimekaa vizuri zaidi. Kumbe kani ya kukitoa imeshuka kutoka nusu hadi theluthi moja tu ya kani ya kupigilia. Kuingia sana si kushika sana.

4.0 Kani hupotelea wapi?

Ingekuwa kazi nyepesi kama kila pigo la nyundo lingefika kwenye kiungio likiwa zima. Sivyo ilivyo. Kwanza, daktari hapigi kichwa moja kwa moja, bali hupiga chombo cha kupigilia ambacho ncha yake mara nyingi ni ya plastiki ili uso wa kichwa usikwaruzwe, na kichwa cha kauri kisipasuke. Plastiki hiyo hulainisha pigo: hurefusha muda wake na kupunguza kilele chake.

Pili, shina halikuegemezwa kwenye meza ya chuma kama lilivyo maabara. Limo ndani ya fupa la paja, nao mguu umezungukwa na misuli, umelala juu ya kitanda chenye godoro. Anayepigilia msumari kwenye ubao usioegemezwa analijua tatizo hili; ubao hurudi nyuma na msumari hauingii. Kwa sababu hiyo, nyundo inayotoa nyutoni 4000 katika majaribio ya mezani huenda isitoe kiasi hicho juu ya mguu wa mtu.

Tatu, mwelekeo una uzito wake. Pigo linalofuata mhimili wa ulimi hukandamiza kuta zote kwa usawa. Pigo la upande hukikalisha kichwa kimeelemea ukuta mmoja, na sehemu ya kani hupotea katika kukipinda badala ya kukikaza.

Nne, idadi ya mapigo haiwezi kuchukua nafasi ya ukali wake. Pigo kali kuliko yote ndilo linaloamua mahali kichwa kitakapokaa. Mapigo hafifu yanayofuata huongeza kidogo sana. Daktari anayegonga mara kumi taratibu kwa kuhofia kuvunja kitu hapati matokeo ya yule aliyepiga mara moja au mbili kwa uthabiti.

Tano, usafi. Damu, mafuta na chembe za mfupa zikikaa baina ya ulimi na tundu, hubadilisha msuguano au huzuia nyuso kugusana. Chembe moja ya mfupa yatosha kukiweka kichwa upande. Ndiyo maana kanuni ya kazi hii husema kwamba ulimi na tundu visafishwe na kukaushwa kabla ya kuunganishwa.

Isidhaniwe hata hivyo kwamba kani ni bora kila inapozidi. Fupa la paja ambalo limepokea shina bila ya saruji laweza kupasuka, hasa kwa mzee ambaye mifupa yake imepoteza uzito. Daktari basi amewekwa baina ya mipaka miwili: chini kuna kiungio kinachocheza, juu kuna mfupa unaopasuka.

5.0 Madhara ya kani haba

Mtu anapotembea, nyonga yake hubeba kiasi cha mara mbili na nusu ya uzito wa mwili wake. Anapojikwaa, kani hiyo huweza kuzidi mara saba. Msomaji anaweza kuuliza: kama jembe hukazwa na kila pigo la kulimia, mbona nyonga isikazwe na kila hatua?

Jibu ni kwamba mfano wa jembe unafika mwisho wake hapa. Mzigo wa mwili haufuati mhimili wa ulimi. Huukandamiza upande mmoja na kuufungua mwingine, na wakati huohuo msuguano wa kichwa ndani ya kikombe hujaribu kukizungusha kichwa juu ya ulimi. Kichwa kikiwa kikubwa zaidi, kani hiyo ya kuzungusha nayo huwa kubwa zaidi. Kiungio kilichopigiliwa vya kutosha hustahimili. Kile kilichopigiliwa kwa uhafifu hucheza, na mchezo wenyewe ni wa maikromita chache au makumi machache ya maikromita. Hauonekani katika picha ya eksirei wala hausikiki na mgonjwa. Lakini hurudiwa kwa kila hatua, na wahandisi hukadiria hatua hizo kuwa mizunguko milioni moja kwa mwaka.

Hapo ndipo kemia inapoingia. Aloi za kobalti na kromi, pamoja na titani, hazishiki kutu kwa sababu kila moja hujivika utando wa oksidi wenye unene wa nanomita chache. Mchezo wa kiungio huukwaruza utando huo. Metali iliyo wazi hujivika mwingine mara moja kwa kutumia oksijeni iliyomo katika majimaji ya mwili yaliyopenya kwenye ufa. Ufa ni mwembamba, na oksijeni iliyotumika hairudishwi upesi. Majimaji yaliyomo huzidi kuwa na asidi, chumvi ya mwili hukusanyika humo, na metali huanza kuliwa. Gilbert na wenzake waliueleza mwenendo huu mwaka 1993 baada ya kuchunguza nyonga zilizotolewa miilini. Mwaka 2002, Goldberg na wenzake walichapisha uchunguzi wa nyonga 231 zilizokusanywa kutoka vituo kadhaa, wakaonyesha kwamba tatizo halikuwa la mtengenezaji mmoja. Nao Mroczkowski na wenzake, mwaka 2006, walionyesha katika maabara kwamba viungio vilivyopigiliwa kwa nyundo hulika kidogo kuliko vile vilivyosukumwa kwa mkono tu.

Chembe na ayoni za kobalti na kromi zinazotoka hapo huweza kuziua tishu zilizo karibu, kuvimbisha nyonga kwa majimaji na kuongeza metali katika damu. Mamlaka ya dawa na vifaa vya tiba ya Uingereza iliweka kiwango cha mikrogramu 7 kwa lita moja ya damu kuwa dalili ya kumchunguza zaidi mgonjwa mwenye nyonga ya metali juu ya metali. Mwaka 2012 kampuni ya Stryker ya Marekani iliondoa sokoni nyonga zake za Rejuvenate na ABG II, ambazo zilikuwa na kiungio cha pili cha pia baina ya shingo na shina, kwa sababu ya ulikaji. Mwaka 2016 iliondoa baadhi ya vichwa vyake vya LFIT V40 kutokana na malalamiko ya kiungio kushindwa kushika.

Haitakuwa haki kuubebesha mkono wa daktari lawama yote. Aina ya aloi, tofauti ndogo za pembe baina ya ulimi na tundu, ukubwa wa kichwa na uzito wa mgonjwa vyote vina sehemu yake. Vichwa vya kauri, kwa mfano, hupunguza ulikaji huu. Lakini miongoni mwa sababu hizo zote, kani ya kupigilia ndiyo inayoamuliwa chumbani, katika sekunde chache, na mtu anayeweza kufundishwa.

Katika Afrika ya Mashariki suala hili lina uzito wa pekee. Hapa wagonjwa wa nyonga si wazee peke yao. Ugonjwa wa selimundu, ambao umeenea katika eneo hili, huweza kuziba mishipa midogo na kukiua kichwa cha fupa la paja cha kijana. Kijana akiwekewa nyonga bandia, ataitembelea kwa miongo mingi, na kosa dogo la siku ya kwanza lina muda mrefu wa kukua. Kadhalika, pale ambapo vifaa hupatikana kwa msaada kutoka kwa watengenezaji mbalimbali, ni muhimu kukumbuka kwamba namba 12/14 si kipimo sanifu cha dunia nzima. Nyimi mbili zenye namba hiyo zaweza kutofautiana kwa pembe na kwa ukwaru wa uso, na pigo kali haliwezi kuvilazimisha kushikana vipande visivyoumbwa pamoja.

6.0 Istilahi

Mtu akiambiwa "piga kwa nguvu", ameelezwa hisia tu, hakupewa kipimo. Neno nguvu katika Kiswahili cha kawaida hubeba maana za uwezo, bidii, afya na mamlaka. Istilahi kani, iliyokwisha kuzoeleka katika fizikia, humaanisha kitu kimoja kinachopimwa kwa nyutoni na chenye mwelekeo. Kwa kuwa mwelekeo wa pigo ni nusu ya jambo tunalolijadili, kani ndiyo istilahi ifaayo.

Neno kutu nalo hupotosha. Mgonjwa aliyeambiwa kwamba nyonga yake ni ya metali isiyoshika kutu ataamini kwamba haiwezi kuharibika. Ulikaji ni neno pana zaidi, kwani metali huweza kuliwa bila ya kuonyesha ile rangi nyekundu tuijuayo.

Maneno mengine tuliyoyatumia hayakuhitaji kubuniwa. Ulimi na tundu ni maneno ya seremala. Kabari ni ya mpasua magogo. Kucheza, kwa maana ya kutokaza, ni neno la fundi wa magari, na tumeona kwamba laweza kutumika hata pale mchezo wenyewe unapokuwa wa maikromita. Ni maoni yetu kwamba anayetafuta istilahi za tiba ya mifupa afike karakanani kabla ya kufungua kamusi za kigeni, kwa kuwa sehemu kubwa ya tiba hiyo ni ufundi.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba uthabiti wa kiungio cha pia hutegemea kani iliyokifunga, na kwamba kani ya kukitoa ni kama nusu tu ya hiyo iwapo nyuso ni safi na kavu. Tumeonyesha pia kwamba kani hupotea njiani kwa ulaini wa chombo, kwa kuyumba kwa mguu, kwa upogo wa pigo na kwa uchafu. Kinachobaki kikiwa kidogo, kiungio hucheza, utando wa oksidi huvunjika na metali huanza kuliwa, wakati mgonjwa mwenyewe anatembea akijiona amepona.

Kwa hiyo kipindi cha kupigilia kichwa kisichukuliwe kuwa kituo cha mwisho cha kazi iliyokwisha. Ulimi usafishwe, ukaushwe, chombo kiwekwe sawa na mhimili, mguu uegemezwe, na pigo liwe thabiti kwa kadiri mfupa unavyoruhusu. Hayo yote hayachukui dakika moja, na mgonjwa hatakuwa macho kuyaona. Lakini ndiye atakayeitembelea kazi hiyo, hatua milioni kwa mwaka.